Kitabu Kilichopanda Jukwaani: Habari za Mchezo wa "Hawala ya Fedha" na Mafunzo Yake kwa Wanaushirika

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, wanachama watakuta habari za mizani, za maghala, za hesabu na za uongozi. Hayo yote ni mambo ya lazima, na kila mmoja wetu ana haki ya kuyajua. Lakini tumeona yafaa kutenga kurasa chache kwa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina pamba wala mpunga ndani yake. Jambo hilo ni mchezo wa kuigiza, na hasa mchezo mmoja uliotokana na kitabu cha hadithi, kitabu ambacho kimesomwa na watu wengi katika Afrika na nje ya Afrika.

Tumeuchagua mchezo huo kwa sababu unasimulia habari ya mtu aliyetumiwa fedha halali, akazikosa, ingawa hakuna aliyemkataza kuzipokea. Mkulima yeyote wa Nkome aliyewahi kungoja malipo yake huku ameshika stakabadhi mkononi ataelewa mara moja kwa nini habari hiyo yatuhusu.

KISA CHENYEWE

Kisa chatoka mbali, katika mji wa Dakar, nchi ya Senegali, upande wa magharibi wa bara letu. Yupo mzee mmoja aitwaye Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili, Mety na Aram, na watoto wengi. Hana kazi. Siku moja mpeleka barua afika nyumbani kwake na habari njema: mpwa wake Abdou, ambaye hufagia barabara katika mji wa Paris, amemletea hawala ya faranga 25,000. Katika fedha hizo, faranga 2,000 ni za Dieng mwenyewe, 3,000 ni za mama yake Abdou, na 20,000 zilizobaki ni amana ya kijana huyo, zitunzwe mpaka arudi.

Habari yaenea mtaani kabla fedha hazijaonekana. Wake zake wachukua mchele kwa mkopo kwa mwenye duka. Majirani waja kuomba, kila mmoja na shida yake. Dieng aenda posta, naye karani amtaka kitambulisho. Hana. Aenda polisi kuomba kitambulisho; aambiwa alete cheti cha kuzaliwa, picha tatu na stempu. Aenda kwenye ofisi ya mji kutafuta cheti cha kuzaliwa. Aulizwa siku aliyozaliwa, naye haijui, kwa maana wazazi wake hawakuiandika popote. Aenda kupiga picha. Picha hazipatikani, fedha aliyotoa yapotea, na juu ya hayo apigwa mpaka damu yamtoka puani. Kila mlango anaobisha wampeleka kwenye mlango mwingine, na kila mlango una bei yake.

Mwishowe atokea jamaa yake mmoja, Mbaye, mtu msomi mwenye gari na suti nzuri. Mbaye amwambia asihangaike, atie sahihi tu karatasi ya kumpa mamlaka ya kuzichukua fedha kwa niaba yake. Dieng atia sahihi. Mbaye azichukua fedha, kisha amwambia kwamba ameibiwa njiani. Mzee arudishiwa gunia la mchele na faranga 5,000, basi. Huo ndio mwisho wa hawala.

Yafaa tuangalie neno moja katika kisa hiki. Dieng si mvivu, wala si mpumbavu. Yeye ni mtu mwenye heshima, anayejua dini yake na anayependwa na majirani. Kilichomwangusha ni karatasi asiyoweza kuisoma. Aliyeweza kuisoma ndiye aliyekula fedha zote.

MTUNGAJI WA KITABU

Aliyeandika kisa hicho ni Ousmane Sembène, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, kusini ya Senegali, mtoto wa mvuvi. Hakupata masomo marefu ya shule. Alifanya kazi ya uashi na kazi nyingine za mikono, akaingizwa katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akavuka bahari akawa mpakuzi wa meli katika bandari ya Marseille. Huko aliingia katika chama cha wafanyakazi, akajisomea, na mwaka 1956 akatoa kitabu chake cha kwanza, chenye habari za mpakuzi wa meli. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli ya Dakar na Niger, uliodumu tangu mwaka 1947 hadi 1948. Kisa cha hawala kilitoka katikati ya miaka ya 1960.

Basi Sembène aliona tatizo ambalo kila mwandishi wa Afrika lazima alione. Vitabu vyake viliandikwa kwa Kifaransa, na watu aliowaandika habari zao hawakuweza kuvisoma. Mtu kama Dieng angeweza kuishi jirani na mtungaji wa maisha yake, akafa asijue kwamba ameandikwa. Kwa sababu hiyo Sembène, akiwa mtu mzima mwenye umri wa miaka karibu arobaini, alikwenda Moscow kujifunza kazi ya kutengeneza filamu. Mwaka 1968 akakigeuza kisa cha hawala kuwa filamu iitwayo "Mandabi", ambayo watu wake walisema kwa Kiwolofu, lugha ya sokoni na nyumbani. Sembène alifariki Dakar mwaka 2007.

Hapa twaona hatua ya kwanza ya safari. Hadithi iliyofungwa ndani ya kitabu ilitolewa nje ili watu waione na kuisikia kwa lugha yao. Hatua ya pili ilifanyika hapa kwetu Tanzania.

KISA CHAINGIA KISWAHILI

Mwaka 1980 Shirika la kuchapisha vitabu la Tanzania Publishing House lilitoa mchezo uitwao "Hawala ya Fedha", ulioandikwa na Amandina Lihamba kutokana na kisa hicho cha Sembène. Bibi Lihamba alizaliwa Morogoro mwaka 1944, akawa mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye profesa. Kazi yake haikuishia darasani. Tutamkuta tena hapa chini, akiwa katika kijiji cha Wasukuma.

Mwaka huo huo wa 1980, na shirika hilo hilo, lilitoa kitabu kingine ambacho watu wa mwambao wetu wana haki ya kujivunia. Hicho ni kile kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokiandika Aniceti Kitereza wa Ukerewe kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, kisha akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitereza alingoja miaka thelathini na mitano kitabu chake kichapwe, akafariki mwaka 1981. Tunavitaja vitabu hivi viwili pamoja ili ionekane kwamba hadithi ya mbali na hadithi ya jirani zilifika kwa msomaji wa Kiswahili katika mwaka mmoja, na kwamba lugha yetu ilikuwa na nafasi kwa zote mbili.

Wengine watauliza: ikiwa kitabu kipo, mchezo wa nini? Swali hilo ni la haki, nalo lajibika kwa kuangalia namna kila kimoja kinavyofanya kazi.

Msomaji husoma peke yake. Akifika mahali pa kuchekesha hucheka peke yake. Akifika mahali pa kuudhi hufunga kitabu akalala. Mchezo hautaki mtu mmoja. Wahitaji waigizaji, wahitaji watazamaji, na wote wawe mahali pamoja kwa saa moja ile ile. Mwandishi wa kitabu aweza kueleza kwa kurasa tatu mawazo yaliyomo moyoni mwa Dieng akiwa amesimama dirishani pa posta. Jukwaani mawazo hayaonekani. Yaonekana mtu aliyevaa kanzu yake nzuri, aliyetoa mkono, na karani asiyeinua macho. Kwa hiyo anayekigeuza kitabu kuwa mchezo hana budi kuchagua. Hupunguza maelezo, huongeza mazungumzo, huzikusanya safari kumi za Dieng ziwe milango michache ambayo mtazamaji aweza kuikumbuka. Kinachopotea ni urefu. Kinachopatikana ni ushahidi wa macho.

Tena kuna jambo la tatu, nalo ndilo kubwa zaidi kwetu. Mtazamaji aliyeketi kati ya majirani zake hawezi kujifanya hakuona. Wakati Mbaye anapotoa ile karatasi na Dieng anaposhika kalamu, uwanja mzima hujua kinachokuja, na kila mmoja hujua kwamba mwenzake anajua.

UWANJA ULIKUWAPO TANGU ZAMANI

Isidhaniwe kwamba maonyesho ni kitu kilicholetwa kwetu na vyuo vikuu. Watu wa Nkome, Wazinza na Wasukuma, pamoja na Wakerewe, Wajita na wengine waliokusanywa na ziwa hili, walikuwa na uwanja wao kabla ya kalamu.

Tutoe mfano wa Usukumani. Baada ya mavuno, miezi ya kiangazi, vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana. Asili yake yasimuliwa kuwa ni mashindano ya waganga wawili mashuhuri wa karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha, na kila kikundi kina dawa zake, nyimbo zake na wafuasi wake. Katika mashindano hayo vikundi viwili hucheza wakati mmoja katika viwanja vilivyo karibu, kila kimoja na manju wake. Watazamaji huenda walikovutwa. Kikundi kilichokusanya watu wengi ndicho kilichoshinda. Hakuna jaji aliyeketi mezani. Hukumu hutolewa kwa miguu ya watu.

Basi manju hana budi kubuni. Hutunga wimbo mpya juu ya jambo la mwaka huo, hutaja tajiri na maskini, husifu na kudhihaki, huleta vinyago na vichekesho, mradi watu wasimkimbie. Ngoma ya bugobogobo nayo yatoka moja kwa moja katika kilimo. Vikundi vya watu waliolima pamoja kwa zamu waliimba na kupiga ngoma ili majembe yaende kwa mwendo mmoja, na jembe lenyewe likawa chombo cha mchezo, likirushwa juu na kudakwa. Iko pia wigashe, ambayo huimbwa watu wakiwa wameketi, nayo jina lake lasema hivyo.

Tukiyaweka hayo pamoja, twaona kwamba mkulima wa kanda yetu alikuwa amekwisha jifunza mambo mawili ambayo mchezo wa kuigiza wahitaji: kusema ukweli wa mwaka hadharani kwa njia ya sanaa, na kutoa hukumu akiwa mtazamaji. Kilichobaki kilikuwa ni kuyaunganisha hayo na mashauri ya kijiji. Jambo hilo lilijaribiwa Malya.

MALYA, NA NDUGU ZETU WA LIMURU

Malya iko katika wilaya ya Kwimba, ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Mwanza kwa mtu atokaye Geita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu watatu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda huko kufanya kazi na wanakijiji. Hawakwenda na mchezo uliokwisha andikwa. Kwanza walikaa na watu, wakasikiliza ni mambo gani yanayowasumbua. Katika mambo yaliyotajwa yalikuwamo matatizo ya vijana, na hasa wasichana wanaopata mimba wakaacha shule. Baadaye wanakijiji wenyewe, na hasa vijana, walitunga maonyesho kwa kutumia ngoma, nyimbo na maigizo waliyoyazoea. Kisha wakayaonyesha mbele ya kijiji. Mwisho wa maonyesho haukuwa mwisho wa kazi, kwa maana hapo ndipo mjadala ulipoanza: nani ana lawama, na lifanyike nini.

Bibi Mlama aliandika baadaye kitabu juu ya kazi hiyo, na juu ya vijiji vingine vilivyofanya vivyo hivyo. Twaweza kulifupisha somo la Malya hivi: mambo ambayo vijana wasingethubutu kuyasema kikaoni mbele ya wazee, waliweza kuyaonyesha uwanjani, na wazee wakayajibu bila ya kuvunjiana heshima.

Miaka michache kabla ya hapo, watu wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, walifanya kazi kubwa ya namna hiyo. Wakulima na vibarua wa mashamba walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi, wakaigiza mwaka 1977 mchezo wa Kikikuyu uitwao "Ngaahika Ndeenda", ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mchezo ulihusu ardhi na namna mtu mdogo anavyonyang'anywa kwa karatasi na madeni. Watu walifurika. Baada ya majuma machache serikali ya wakati huo iliufutia kibali, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Ngũgĩ alipokuwa kizuizini aliandika kitabu cha hadithi kwa Kikikuyu, nacho kilipochapwa mwaka 1980 watu walikisoma kwa sauti majumbani na hata katika vilabu vya pombe, mmoja akisoma na wengi wakisikiliza. Hivyo hadithi yaweza kutoka kitabuni ikaenda jukwaani, na kutoka jukwaani ikarudi kitabuni, mradi wapo watu wanaoihitaji.

Hatuyataji mambo ya Limuru ili kuwatia hofu viongozi. Twayataja ili ijulikane kwamba mchezo wa wanakijiji una nguvu ya kweli. Kitu kisicho na nguvu hakibomolewi.

KWA NINI HII NI HABARI YA USHIRIKA

Sasa turudi nyumbani. Ushirika wa pamba katika kanda ya ziwa ulizaliwa kwa sababu ya tatizo lile lile la Ibrahima Dieng. Kabla ya ushirika, mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyeandika. Mkulima alijua uzito wa mzigo wake kwa mabega yake tu, na mabega hayakubaliwi kuwa ushahidi. Malalamiko juu ya mizani yalienea, na katika mwanzo wa miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, walianza kujipanga ili pamba ipimwe mbele ya macho yao. Mwaka 1955 vyama vya kanda hii viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana kwa herufi za VFCU. Hapa Geita, huko Kasamwa, kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika kilijengwa katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Kabla ya muongo ule kwisha, ushirika huo ulikuwa umekuwa mmojawapo wa mikubwa kabisa katika Afrika, na Bomani mwenyewe akaja kuwa waziri katika serikali ya nchi huru.

Kwa hiyo ushirika wetu, katika chimbuko lake, ulikuwa ni tendo la kusoma. Watu walisema: nasi tutaisoma mizani.

Lakini mizani ilipokwisha kusomwa, ilibaki karatasi. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1968 ukaanzishwa, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, mradi wa kisomo chenye manufaa uliokuwa na makao yake makuu Mwanza, ukahudumia mikoa inayozunguka ziwa. Vitabu vyake vya kusomea vilihusu kazi za wasomaji wenyewe: kilimo cha pamba, migomba, uvuvi. Mtu mzima alijifunza herufi kwa kutumia maneno ya shamba lake. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hata kufikia 39 katika kila 100. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na kanda yetu ilikuwa na sehemu yake.

Hata hivyo kujua herufi si sawa na kuijua leja. Vyama vikuu vilipokua, hesabu zake zilikua pia, na mwanachama wa kawaida akawa mbali nazo. Katika miaka ya 1960 zilikuwapo lawama nyingi juu ya uongozi na matumizi ya fedha za vyama, na mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, ikayakabidhi mazao kwa mamlaka zake. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Wazee wetu wanaoikumbuka miaka ile sita wajua kwamba chama kilipoondoka, wakulima wengi walisimama kando kama watu wanaotazama mali isiyo yao. Na kwa kweli kwa muda mrefu kilikuwa kimefanywa kisiwe chao. Mali ambayo mwenyewe hawezi kuiulizia imekwisha toka mikononi mwake kabla ya kuchukuliwa.

Leo mambo yamebadilika sura. Mwanachama hupokea malipo kwa benki au kwa simu. Kitambulisho cha taifa na namba ya siri vimechukua mahali pa stempu na picha tatu za Dieng. Lakini mlango ni ule ule. Mkulima anayempa mwanawe, au jirani, au wakala namba yake ya siri kwa sababu hawezi kusoma ujumbe ulioingia, ametia sahihi ile karatasi ya Mbaye. Na mwanachama anayenyoosha mkono katika mkutano mkuu kupitisha hesabu alizosomewa upesi upesi, asizozielewa, naye ameshika kalamu ile ile.

TUFANYE NINI?

Ndugu wanachama, tunaleta shauri moja, nalo ni dogo. Katika miaka inayokuja, mchezo uwe sehemu ya elimu ya ushirika katika vyama vyetu vya msingi. Sheria na desturi za ushirika zinataka wanachama waelimishwe, na aghalabu elimu hiyo imekuwa ya mtu mmoja kusimama na wengine kusinzia. Kisa cha hawala chafaa kuanza nacho, kwa kuwa kimekwisha kuvuka kutoka Kifaransa hadi Kiwolofu na Kiswahili bila ya kupoteza maana. Hakitashindwa kuvuka hadi Nkome. Gharama yake si kubwa. Uwanja wa ghala watosha kuwa jukwaa, na jua la alasiri latosha kuwa taa. Meza moja yaweza kuwa posta, kisha polisi, kisha ofisi ya mji, kwa kubadili tu mtu aliyeketi nyuma yake. Manju na watu wake wapo. Vijana wanaojua kusoma wapo, na wao ndio watakaowasomea wazee maandishi mpaka maneno yakae vichwani.

Yatupasa, hata hivyo, kuyashika mambo matatu tuliyofundishwa na wale waliotutangulia. Kwanza, watu wasiletewe mchezo tu. Waulizwe kabla yake ni mlango gani unaowagharimu zaidi, maana posta ya Dakar huenda kwetu ikawa ni mizani, au ni bei ya pembejeo, au ni siku ya malipo isiyojulikana. Pili, akina mama wapewe nafasi yao. Katika kisa hiki Mety na Aram ndio wanaokopa mchele na kuilisha nyumba, nao waona hatari mapema kuliko mume wao. Na katika mashamba yetu hali ndivyo ilivyo. Tatu, mchezo usimalizwe kwa makofi. Umalizwe kwa maswali, na viongozi wa chama wawepo kuyajibu, leja ikiwa wazi juu ya meza ile ile iliyotumika kuwa posta.

Kwa viongozi wenzetu tuna neno la nyongeza. Huenda wengine wakaona ni aibu kuketi mbele ya wanachama na kutazama karani mwongo au jamaa msomi mdanganyifu akichekwa. Lakini kiongozi mwaminifu hana la kupoteza. Watazamaji wanaomcheka Mbaye huondoka wakimheshimu zaidi yule asiyefanana naye. Chama ambacho wanachama wake huuliza hadharani hakina haja ya kuogopa minong'ono ya gizani, na minong'ono ndiyo iliyoua vyama vingi kuliko ukame.

Ibrahima Dieng alizunguka mji wake peke yake. Alikuwa na jamaa, alikuwa na majirani, alikuwa na msikiti wa kusali pamoja na wenzake. Lakini katika jambo la ile karatasi hakuwa na chama. Alipoulizwa siku ya kuzaliwa hakuwa na mtu wa kumshuhudia, na alipotia sahihi hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Wazee wa ushirika wetu waliisimamia mizani pamoja kwa sababu walijua kwamba mtu mmoja mbele ya mizani ya mwingine hana nguvu. Miaka kumi ya Chama hiki imetupa maghala na hesabu. Iliyo mbele na itupe wanachama wanaoweza kuzisoma hesabu hizo wakiwa pamoja, na kama kuna asiyeweza kuzisoma, basi azione zikichezwa uwanjani mbele ya macho yake, kisha asimame aulize.

Kidole kimoja hakivunji chawa.